Kutoka Radiamu hadi Propranololi: Historia ya Tiba ya Baka la Mishipa ya Damu kwa Watoto Wachanga na Funzo Lake kwa Sera ya Dawa

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tiba ya hemanjioma ya utotoni, yaani baka la mishipa ya damu linalojitokeza katika majuma ya kwanza ya maisha ya mtoto, likavimba kwa kasi, kisha likasinyaa lenyewe kwa miaka kadhaa. Historia hiyo inaanzia kwenye matumizi ya radiamu mwanzoni mwa karne ya 20 na kufikia kuidhinishwa kwa propranololi mwaka 2014. Hoja kuu ni kwamba dawa mbili zilizobadilisha tiba hii ziligunduliwa kwa bahati, lakini kilichoigeuza bahati kuwa maarifa ni kazi ya kuwafuatilia watoto na kutunza kumbukumbu zao. Aidha, makala yanaonesha kuwa utatuzi wa jina ulitangulia utatuzi wa tiba, jambo ambalo lina uzito wa pekee kwa Kiswahili, lugha ambamo neno moja, baka, linabeba maradhi yaliyo tofauti. Mwisho, yanajadili kwa nini upatikanaji wa kibao cha bei nafuu peke yake hautoshi kumpa mtoto wa Afrika Mashariki tiba salama.

1. Utangulizi

Mtoto amezaliwa salama, ngozi yake haina doa. Baada ya juma moja au mawili mama anaona alama ndogo juu ya kope, kama mkwaruzo wa ukucha. Juma la tano alama imeinuka na kuwa uvimbe laini. Kufikia mwezi wa tatu jicho halifunguki. Wazazi wanaambiwa maneno ya aina mbili: kwamba ni jambo la kawaida na litaondoka lenyewe, au kwamba mtoto apelekwe akapasuliwe. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zimewahi kuwaumiza watoto.

Hemanjioma ndiyo uvimbe unaowapata watoto wachanga kwa wingi kuliko uvimbe wowote mwingine. Makadirio yanayokubalika huiweka kati ya asilimia 4 na 5 ya watoto. Huwapata wasichana zaidi ya wavulana, na huwapata zaidi watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo. Nyingi hazina madhara ya kudumu. Lakini zipo chache ambazo, kwa sababu ya mahali zilipoota, huziba jicho na kuharibu uwezo wa kuona, hubana njia ya hewa, huchimba kidonda kisichopona mdomoni au kwenye sehemu za siri, au huacha pua na mdomo vikiwa vimeharibika umbo maisha yote. Hadi mwaka 2008 watoto hao wachache walikuwa wakitibiwa kwa njia ambazo madhara yake nyakati nyingine yalishindana na ya ugonjwa wenyewe.

Historia ya namna hali hiyo ilivyobadilika imezoeleka kusimuliwa kama kisa cha bahati njema kilichotokea katika mji wa Bordeaux nchini Ufaransa. Makala haya hayakanushi bahati hiyo. Yanadai tu kwamba bahati ilikuwa sehemu ndogo ya kazi, na kwamba sehemu kubwa iliyobaki ndiyo inayopaswa kuwashughulisha watafiti na washauri wa sera.

2. Jina kabla ya dawa

Kwa muda mrefu lugha za Ulaya zilikuwa na majina ya mabaka haya yaliyotokana na kuyaangalia tu kwa macho. Waingereza waliyaita kwa jina la tunda la stroberi au kwa rangi ya mvinyo. Wafaransa waliyaita kwa neno lenye maana ya hamu, kwa kuamini kuwa kitu alichokitamani mjamzito bila kukipata kilimchapa mtoto ngozini. Katika miaka ya 1860 mwanapatholojia wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alijaribu kuyapanga kwa kufuata umbo la mishipa lililoonekana kwenye darubini. Mpangilio wake uliingia vitabuni na kuzaa istilahi nyingi, lakini haukumsaidia daktari kujibu swali la mzazi: je, hili litaondoka au halitaondoka?

Jibu lilikuja mwaka 1982, pale John Mulliken na Julie Glowacki wa Boston walipochapisha uchunguzi wa seli zinazotanda ndani ya mishipa ya mabaka mbalimbali. Waliyagawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni hemanjioma, ambamo seli hugawanyika kwa kasi utotoni, kisha hutulia na kusinyaa. Kundi la pili ni hitilafu za maumbile ya mishipa, ambamo seli hazizidi kiasi cha kawaida. Baka la kundi hili huwapo tangu kuzaliwa, hukua kadiri mtoto anavyokua, wala halisinyai. Baka bapa la rangi ya mvinyo ni la kundi hili la pili. Mwaka 2000 Paula North na wenzake wakaongeza ushahidi wa kimaabara: protini iitwayo GLUT1 ilikutwa katika seli za hemanjioma ya utotoni na haikukutwa katika hitilafu za maumbile ya mishipa.

Umuhimu wa mgawanyo huo kwa historia ya dawa ni mkubwa. Dawa inayozuia ukuaji wa seli haiwezi kutarajiwa kuondoa baka ambalo seli zake hazikui kupita kiasi. Maadamu mabaka yote yaliitwa kwa jina moja, matokeo ya tiba yoyote yalikuwa mchanganyiko usiofasirika: mgonjwa mmoja alipona, mwingine hakupona, na hakuna aliyejua kuwa walikuwa na maradhi mawili. Kwa hiyo ushindi wa mwaka 2008 ulikuwa umeandaliwa miaka 26 kabla, na walioanza kuuandaa walishughulika kwanza na majina.

3. Radiamu na subira

Radiamu iligunduliwa na Marie na Pierre Curie mwaka 1898. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 madaktari wa Paris, wakiwamo Louis Wickham na Paul Degrais, walikuwa tayari wanaitumia kutibu mabaka ya mishipa. Tiba hiyo ilikuwa na mvuto wake: haikuhitaji kisu, haikumwaga damu, na baka lilififia. Ilienea katika nchi nyingi, na mahali ilipoacha kumbukumbu bora zaidi ni Sweden. Katika hospitali ya Radiumhemmet jijini Stockholm, zaidi ya watoto 14,000 wenye umri usiozidi miezi 18 walitibiwa hemanjioma kwa mionzi kati ya mwaka 1920 na 1959. Maelfu wengine walitibiwa katika mji wa Gothenburg.

Kasoro ya tiba hiyo ilikuwa katika mantiki yake. Baka lililofifia baada ya radiamu lilihesabiwa kuwa limeponywa na radiamu. Hakuna aliyejua kwa hakika kuwa baka hilo lingefanya nini kama lisingeguswa. Swali hilo alilishughulikia daktari wa Uingereza, William Lister, katika makala aliyoyachapisha kwenye jarida la The Lancet mwaka 1938. Lister aliwafuatilia watoto 77 bila kuwatibu mabaka yao, akapima na kuandika. Aliona kuwa mabaka yaliyokua kwa kasi katika miezi ya mwanzo yalisimama, yakapauka, kisha yakasinyaa, na mengi yalikuwa yameisha mtoto alipofikia takribani miaka mitano. Kutotibu, kukiambatana na kuangalia kwa makini, kulikuwa kumefichua tabia ya ugonjwa ambayo tiba za haraka zilikuwa zimeificha.

Hata hivyo, mionzi iliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka 20 baada ya makala ya Lister. Gharama yake ilijulikana polepole. Kwa kuwa Sweden ilitunza majalada ya watoto hao, na kwa kuwa ina rejista ya kitaifa ya saratani tangu mwaka 1958, watafiti waliweza kuwafuata wagonjwa wa zamani hadi utu uzima wao. Walikuta ongezeko la saratani za matiti na za tezi dundumio pamoja na vivimbe vya ubongo, likipanda kadiri kiasi cha mionzi kilivyopanda. Mwaka 2004 jarida la British Medical Journal lilichapisha uchunguzi wa wanaume 3,094 waliotibiwa hemanjioma kwa mionzi kabla ya kutimiza miezi 18, kati ya mwaka 1930 na 1959. Miongoni mwa wale ambao ubongo wao haukupata mionzi, takribani asilimia 32 walisoma shule ya sekondari ya juu. Miongoni mwa waliopata kiasi kikubwa zaidi, waliofika huko walikuwa takribani asilimia 17.

Inafaa kusisitiza kwamba Sweden haikuwa peke yake katika kosa hilo. Ilichokuwa nacho ni uwezo wa kuligundua. Nchi ambazo hazikutunza majalada hazina takwimu za madhara, na kutokuwa na takwimu hakumaanishi kuwa watoto wao hawakudhurika.

4. Dawa za kwanza: steroidi na intaferoni

Katika miaka ya 1960 watoto wenye vivimbe vikubwa vya mishipa na upungufu wa chembe sahani za damu walipewa prednisoloni kwa ajili ya upungufu huo. Madaktari waliona jambo ambalo hawakulitarajia: uvimbe wenyewe ulipungua. Mwaka 1967 Harvey Zarem na Milton Edgerton wa Marekani walichapisha maelezo ya wagonjwa wao, na kwa miaka 40 iliyofuata kotikosteroidi zikawa dawa ya kwanza ya hemanjioma yenye hatari.

Zilisaidia, lakini kwa bei. Mtoto aliyepewa steroidi kwa miezi mingi alivimba uso, alidumaa, shinikizo lake la damu lilipanda, na kinga yake dhidi ya maambukizo ilishuka. Tena hazikumsaidia kila mtoto. Kwa wale walioshindikana, miaka ya 1990 ilileta tumaini jipya. Mwaka 1992 Alan Ezekowitz, Mulliken na Judah Folkman waliripoti watoto 20 wenye hemanjioma za kutisha ambazo hazikuwa zimetii steroidi. Walipopewa intaferoni alfa, uvimbe ulipungua kwa nusu au zaidi kwa watoto 18. Folkman alikuwa mwasisi wa dhana kwamba uvimbe unaweza kudhibitiwa kwa kuzuia uotaji wa mishipa mipya, na matokeo hayo yalionekana kuithibitisha.

Miaka 6 baadaye ilichapishwa taarifa nyingine. Kati ya watoto 26 waliotibiwa kwa intaferoni na kuchunguzwa mfumo wa neva, 5 walikuwa wamepata ukakamavu wa misuli ya miguu unaotokana na kuathirika kwa mfumo huo. Mulliken, aliyeshiriki kutangaza tumaini, alikuwa miongoni mwa waandishi waliotangaza hatari. Mwenendo huu unastahili kukumbukwa. Watafiti wale wale waliendelea kuwaita watoto wao kliniki, wakawaandikia hata matokeo yaliyovunja sifa ya ugunduzi wao. Matumizi ya intaferoni kwa watoto wachanga yalipungua sana baada ya hapo.

5. Bordeaux, 2008

Propranololi haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi wala kwa ajili ya watoto. Ilitokana na kazi ya mwanasayansi wa Uskochi, James Black, aliyekuwa akitafuta namna ya kuupunguzia moyo haja ya oksijeni kwa kuziba vipokezi ambavyo adrenalini huvitumia kuuhimiza. Iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1960, ikawatibu wagonjwa wengi wa moyo na wa shinikizo la damu, na mwaka 1988 ilikuwa miongoni mwa kazi zilizompatia Black Tuzo ya Nobel. Kufikia mwanzo wa karne ya 21 ilikuwa dawa ya zamani, ya bei ndogo, isiyo na siri.

Tarehe 12 Juni 2008 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux. Ilieleza mtoto mwenye hemanjioma ya pua aliyekuwa akipewa kotikosteroidi. Uvimbe ulikuwa umesimama bila kupungua. Kisha mtoto akapata unene wa misuli ya moyo unaozuia damu kutoka, hitilafu inayofahamika kuwapata watoto wachanga wanaotumia steroidi, naye akapewa propranololi kwa ajili ya moyo. Siku iliyofuata, rangi ya hemanjioma ilikuwa imegeuka kutoka nyekundu iliyokolea na kuwa zambarau, na uvimbe ulikuwa umelainika. Steroidi zilipunguzwa, lakini uvimbe haukurudi.

Mtoto wa pili alikuwa na hemanjioma iliyotanda mkono mzima wa kulia na sehemu ya uso, huku uvimbe mwingine ukiota ndani ya shingo. Vipimo vilionesha kuwa moyo wake ulikuwa ukisukuma damu kupita kiasi, naye pia akaanzishiwa propranololi. Baada ya siku 7 aliweza kufungua jicho lake. Ndipo madaktari, kwa idhini ya wazazi, wakawapa dawa hiyo watoto wengine 9 wenye hemanjioma kali. Wote walionesha mabadiliko ya rangi na ulaini katika saa 24 za mwanzo.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Propranololi ilikuwa imetumika kwa zaidi ya miaka 40, na haiyumkini kuwa mtoto wa Bordeaux alikuwa wa kwanza duniani mwenye baka la damu kupewa dawa hiyo kwa ajili ya moyo. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii aliyeliona badiliko alikuwa daktari wa ngozi aliyekuwa akimfuatilia mtoto siku kwa siku, aliyejua kwamba hemanjioma katika hatua ile haibadiliki rangi kwa usiku mmoja, na aliyekuwa karibu na mtaalamu wa moyo kiasi cha kuulizana. Kujua mwenendo wa kawaida wa ugonjwa, ule alioandika Lister, ndiko kulikowezesha kutambua kisicho cha kawaida.

6. Kutoka barua hadi kanuni

Barua ya wagonjwa 11 si ushahidi wa kutosha wa kubadili tiba ya dunia, ingawa kwa vitendo iliibadilisha haraka. Ushahidi wenyewe ulichapishwa mwaka 2015 katika jarida lile lile. Watoto 460 wenye umri wa kati ya mwezi 1 na miezi 5 waligawanywa kwa nasibu, wengine wakapewa propranololi kwa viwango na muda tofauti, wengine plasebo, yaani dawa isiyo na kiambata tendaji. Kwa waliopewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa miezi 6, hemanjioma iliisha kabisa au karibu kabisa kwa asilimia 60. Kwa waliopewa plasebo ilikuwa asilimia 4. Miongoni mwa waliofanikiwa, asilimia 10 walihitaji kutibiwa tena baadaye. Jaribio liligharimiwa na kampuni ya Ufaransa ya Pierre Fabre, ambayo dawa yake ya maji ilikuwa imekwisha kuidhinishwa mwaka 2014 nchini Marekani kwa jina la Hemangeol na katika Umoja wa Ulaya kwa jina la Hemangiol.

Sambamba na mafanikio, hatari nazo zilijulikana. Propranololi hupunguza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na hubana njia za hewa kwa mtoto mwenye mwelekeo wa pumu. Hatari iliyo kubwa zaidi kwa mtoto mchanga ni kushuka kwa sukari mwilini, hasa akipewa dawa bila kunyonya. Dawa pia huzificha dalili ambazo kwa kawaida humtahadharisha mzazi, kama vile moyo kwenda mbio. Kwa hiyo kanuni zilizotolewa Marekani mwaka 2013 na 2019 zilitilia mkazo mambo yanayofanana: mtoto achunguzwe moyo na mapafu kabla ya kuanza, kipimo kipandishwe hatua kwa hatua, dawa itolewe pamoja na kunyonya, na isitishwe mtoto akitapika au akikataa kula. Mtoto mwenye hemanjioma pana ya uso achunguzwe kwanza mishipa ya ubongo na ya moyo, kwa kuwa wengine huwa na hitilafu zilizofichika.

Kanuni ya mwaka 2019 iliongeza jambo ambalo si la dawa bali la wakati: mtoto mwenye hemanjioma ya hatari aonwe na mtaalamu mapema, ikiwezekana akiwa na umri wa mwezi mmoja. Sababu yake ni uchunguzi wa picha za watoto ulioonesha kuwa ukuaji wa kasi zaidi hutokea kati ya juma la 5 na la 8. Ushauri wa zamani wa kusubiri, uliokuwa busara dhidi ya radiamu, ulikuwa sasa umegeuka kuwa kikwazo kwa wale wachache waliohitaji tiba. Busara ya kipindi kimoja haihamishwi kwenda kipindi kingine bila kuulizwa upya.

Utafiti haukuishia hapo. Timololi ya matone ya macho ilionekana kufaa kwa mabaka madogo ya juu ya ngozi. Mwaka 2021 jaribio la China lililowahusisha watoto 377 lilionesha kuwa atenololi haizidiwi na propranololi, na kwamba madhara yake ni machache zaidi. Uchunguzi wa maabara nao umedokeza kuwa sehemu ya kazi ya propranololi katika hemanjioma haitokani na kuziba vipokezi vya adrenalini, bali na kuzuia protini iitwayo SOX18. Kama hilo litathibitika kwa wagonjwa, huenda siku moja mtoto akapata faida ya dawa bila kuguswa moyo wake.

7. Kibao cha miligramu 40

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, historia hii inaweza kuonekana kuwa habari njema isiyo na masharti. Propranololi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ingawa iliingizwa humo kwa sababu nyingine, ikiwamo kuzuia kipandauso. Vibao vyake hupatikana katika maduka ya dawa ya kanda yetu kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu. Je, kuna nini tena cha kujadili?

Tuchukue hesabu rahisi. Mtoto wa kilo 5 anayeanza kwa miligramu 1 kwa kilo kwa siku anahitaji miligramu 5, zikigawanywa mara mbili. Kila dozi ni miligramu 2.5. Kibao cha kawaida kina miligramu 40. Dozi moja, basi, ni sehemu ya 16 ya kibao. Hakuna wembe wala jicho la binadamu linaloweza kukata sehemu hiyo kwa uhakika jikoni. Kibao kikisagwa na kuchanganywa na maji, kila kitu kitategemea kiasi cha maji, kutikiswa kwa chupa na bomba la kupimia. Hata dawa ya maji iliyotengenezwa kiwandani ina mtego wake: dawa ile ile huandikwa miligramu 4.28 kwa mililita moja nchini Marekani na 3.75 barani Ulaya, kwa kuwa mmoja amehesabu chumvi ya dawa na mwingine amehesabu kiambata peke yake. Anayenukuu kipimo kutoka chanzo kimoja na kununua dawa ya chanzo kingine anaweza kukosea bila kujua.

Jambo la pili ni homa. Kanuni zilizoandikwa Ulaya na Marekani humfikiria mtoto anayekataa kunyonya kwa sababu ya mafua au kuharisha. Kwetu ipo pia malaria, ambayo inapokuwa kali hushusha sukari yenyewe. Mtoto anayetumia propranololi akipatwa na malaria anakabiliwa na hatari mbili zinazoelekea upande mmoja, huku mojawapo ikizificha dalili za nyingine. Onyo la kusitisha dawa mtoto asiponyonya, ambalo katika miongozo ya kigeni ni sentensi moja kati ya nyingi, kwetu linastahili kuwa sentensi ya kwanza.

Jambo la tatu ni wakati. Dirisha la juma la 5 hadi la 8 huangukia kipindi ambacho mama huja kituoni kwa ajili ya chanjo ya juma la 6. Mtumishi anayechoma chanjo ndiye mtu wa kwanza, na pengine wa pekee, mwenye nafasi ya kuliona baka kwa wakati. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi kama vitabu vinavyoonesha, kwa hiyo mtumishi huyo afundishwe kuangalia uvimbe, mahali ulipo na kasi ya kukua, badala ya kutafuta rangi ya stroberi. Kanda yetu ina mahali pa kuanzia mafunzo hayo: Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC mjini Moshi kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa nchi mbalimbali za Afrika tangu mwaka 1992.

Jambo la nne ni la lugha, na ndilo lililonileta katika kongamano hili. Kiswahili kina neno baka, na neno hilo hutumika kwa alama bapa ya kudumu na kwa uvimbe wa hemanjioma bila kubagua. Kwa maneno mengine, katika mazungumzo ya mama na mhudumu bado tuko kabla ya mwaka 1982. Mama anayeambiwa kuwa "baka litaondoka" huku mtoto ana baka la mvinyo anapewa ahadi isiyo ya kweli. Anayeambiwa "ni baka tu, la kuzaliwa" huku uvimbe unaelekea kuziba jicho anapotezewa muda. Napendekeza jozi rahisi isiyohitaji kamusi: baka la kusinyaa kwa hemanjioma, na baka la kudumu kwa hitilafu ya maumbile ya mishipa. Swali la kuwatenganisha nalo linaulizika kwa Kiswahili cha kila siku: "Mama, alikuwa nalo siku ile aliyozaliwa vilevile lilivyo leo, au limeota na kukua?" Swali hilo halitoshi kutambua kila mgonjwa, lakini linatosha kumfanya mhudumu asimame na kuangalia tena.

8. Hitimisho

Katika miaka 100 watoto wenye ugonjwa mmoja wamewahi kuchomwa kwa mionzi, kuachwa bila tiba, kupewa steroidi, intaferoni, na hatimaye dawa ya moyo. Ukizitazama hatua hizo kwa pamoja, utaona kwamba kila kosa kubwa lilikuwa na sura ya mafanikio pale mwanzoni. Baka lilififia kwa radiamu, uvimbe ulipungua kwa intaferoni. Aliyeyatenganisha mafanikio ya kweli na ya muda ni mtu aliyerudi kumwangalia mtoto baada ya mwaka, baada ya miaka 6, au katika Sweden, baada ya miaka 50.

Pendekezo linalofuata kutokana na hayo ni la kawaida na gharama yake si kubwa. Nchi za kanda zinapoingiza propranololi ya watoto katika miongozo yao ya tiba, ziingize mambo matatu pamoja nayo: dawa ya maji yenye kipimo kimoja kilichokubaliwa, au mwongozo mmoja wa kuitayarisha hospitalini; onyo la kunyonya na homa kwa Kiswahili linalokabidhiwa mzazi mkononi; na daftari la wagonjwa linaloandika jina la baka, mahali lilipo, umri wa kuanza dawa na hali ya mtoto anapofikia miaka 5. Daftari hilo ndilo litakalokosekana kirahisi zaidi, kwa kuwa matunda yake hayaonekani katika bajeti ya mwaka mmoja. Lakini bila majalada ya Stockholm, madhara ya radiamu kwa watoto hawa yangebaki kuwa tetesi, na bila jicho la aliyekuwa akimfuatilia mtoto wa Bordeaux, propranololi ingebaki kuwa dawa ya moyo.